Vitafunio vya Idi kwa watu 40: kwa nini sambusa hulegea na katlesi hupasuka

"Shikamoo mama. Idi hii mawifi na mashemeji zangu wote wanakuja kwetu, watu wazima kama 40 na watoto wao, kuanzia baada ya alasiri hadi usiku. Nataka niwaandalie vitafunio vidogo vidogo vya chumvi na vya sukari, vya kuokota na kutia mdomoni bila sahani wala kijiko: sambusa za nyama, katlesi, kaimati na visheti. Mwaka jana nilijaribu kwa watu 15 tu nikaumbuka. Sambusa zilikunywa mafuta, na zilipofika mezani zilikuwa zimelegea. Katlesi kadhaa zilipasuka ndani ya karai. Kaimati zilitoka nzuri, lakini baada ya nusu saa zikawa kama mkate uliolowa, na shira ikaganda sukari. Nilikuwa jikoni toka alfajiri, wageni wamefika sijaoga. Jirani ameniambia nipunguze moto kwenye sambusa na niongeze unga kwenye viazi vya katlesi. Je, ni sawa? Na naweza kukaanga kila kitu siku moja kabla, nikapasha siku yenyewe? Nina jiko la gesi la mafiga mawili, jiko la mkaa, na friji yenye friza ndogo. Umeme kwetu unakatika mara kwa mara."

Marahaba, mwanangu. Pole kwa mwaka jana. Kushinda jikoni toka alfajiri, halafu ukatoa sinia ambayo roho yako mwenyewe haijaridhika nayo, na wakwe wamekaa sebuleni, ni jambo linalouma, na nafurahi kwamba hukukata tamaa.

Umeniuliza kuhusu mafuta, moto na unga. Mimi nitakujibu kuhusu maji, kwa sababu sambusa iliyolegea, katlesi iliyopasuka na kaimati iliyolowa zote zina ugonjwa mmoja: maji yapo mahali yasipotakiwa. Ukijua maji yanatoka wapi na yanakwenda wapi, mengi ya haya utayarekebisha mwenyewe bila kuuliza mtu.

Tuanze na karai. Ukitumbukiza sambusa kwenye mafuta yaliyopata moto, unaona mapovu yanaizunguka kwa kelele. Yale si mafuta yanayochemka. Ni maji yaliyomo kwenye manda, ile ngozi nyembamba ya unga inayofungiwa nyama, na kwenye nyama yenyewe, yanageuka mvuke na kutoka mbio. Mafuta ya kukaangia sambusa yanatakiwa yawe kati ya nyuzi joto 170 na 180, na maji huchemka kwenye nyuzi 100, kwa hiyo kinachotoka ni mvuke wenye nguvu, na mvuke huo ndio unaoyasukuma mafuta yasiingie. Sasa itoe sambusa. Ndani mvuke unapoa, unarudi kuwa maji, unaacha nafasi tupu, na ile nafasi inayavuta mafuta yaliyobaki juu ya ngozi. Sehemu kubwa ya mafuta huingia baada ya sambusa kutoka karaini, katika dakika ile ya kwanza ambayo wengi wetu tunairundika kwenye bakuli lenye karatasi na kugeukia mkupuo unaofuata.

Ndiyo maana ushauri wa jirani yako, ingawa ameutoa kwa nia njema, utakuharibia. Ukipunguza moto, mvuke unakuwa dhaifu, ngozi inachelewa kukauka, sambusa inakaa muda mrefu zaidi kwenye mafuta, na inatoka nzito. Moto mdogo una vitu vyake, na nitakuja kwenye visheti, lakini sambusa si mojawapo. Kosa la pili, ambalo naamini ndilo hasa lililokupata, ni kujaza karai. Unaweka sambusa 25 kwa mara moja kwa sababu wageni wako mlangoni, mafuta yanapoa ghafla, na hata moto ukiwa mkubwa kiasi gani hauwahi kuyarudisha. Kwenye lita mbili za mafuta weka sambusa ndogo 10, si zaidi ya 12. Zikitoka, subiri kidogo mafuta yapate moto tena kabla ya mkupuo unaofuata.

Kama huna kipimajoto, chukua mwiko wa mti uliokauka kabisa na usimamishe katikati ya mafuta. Pasipotokea kitu, bado. Mapovu madogo yakipanda taratibu kuuzunguka mti, bila papara, anza. Yakiruka kwa fujo au mafuta yakianza kutoa moshi, yamezidi: zima gesi, ngoja. Na unapozitoa, zikung'ute kwenye chujio juu ya karai, hesabu mpaka kumi, kisha zipange kwenye waya au chujio pana, zisimame zisilaliane. Hewa ipite chini yake. Zikipangwa namna hiyo, dakika mbili tu zinatosha kuonyesha tofauti.

Sasa kulegea. Sambusa inaweza kutoka kavu kabisa na bado ikalegea mezani, kwa sababu unyevu wa nyama unaendelea kusafiri kutoka ndani kuja kwenye ngozi. Hapo dawa iko kwenye nyama, saa nyingi kabla ya kukaanga. Pika nyama ya kusaga bila kuongeza maji, na tangawizi, kitunguu saumu, chumvi, pilipili manga, bizari nyembamba na ndimu. Itatoa maji yake yenyewe. Usiitoe jikoni yanapoonekana yamekwisha, kwa sababu hayajesha. Endelea kukoroga mpaka isikike inalia kwenye sufuria, ile sauti ya kukwaruza na kuchirizika, na punje zikaachana. Kisha iache ipoe kabisa. Vitunguu maji katakata vidogo sana, vifunge kwenye kitambaa safi na uvikamue. Utashangaa maji yatakayotoka. Vichanganye na nyama iliyokwisha kupoa pamoja na giligilani. Ukivitia kwenye nyama ya moto, vinatoka jasho humo humo na kazi yote ya kukausha inapotea.

Kisha kuna hotpoti. Najua kila nyumba inayo, na najua inapendeza kuona chakula kinafuka ukifungua. Hotpoti ni ya chapati na pilau. Ukifungia sambusa humo, mvuke wake hauna pa kwenda, unapanda kwenye kifuniko, unadondoka, na baada ya robo saa umeshapoteza ulichokihangaikia. Sambusa ya vuguvugu iliyokaa wazi ina raha kuliko ya moto iliyofunikwa. Kama una wasiwasi na inzi, weka kawa au chandarua cha chakula; vyote vinapitisha hewa.

Kwa ukubwa, usitumie manda ya kukata robo kama ya sambusa za kuuza. Kata vipande virefu vyenye upana wa sentimita 5 hadi 6, kunja pembetatu ndogo, na ndani weka kijiko kimoja cha chai kilichojaa vizuri. Manda za dukani si aibu. Mimi mwenyewe nikiwa na oda kubwa nanunua. Zifunike kwa kitambaa chenye unyevu kidogo unapokunja, zisikauke zikavunjika. Gundi ya unga na maji iwe nzito kama uji wa mgonjwa, na upake hadi kwenye pembe tatu zote. Pembe iliyoachwa wazi kwa upana wa kichwa cha kiberiti inatosha kuingiza mafuta na kutoa nyama.

Kuhusu katlesi, unga wa jirani una kazi yake, lakini nje. Ukiuchanganya ndani ya viazi, katlesi inakuwa nzito kama donge na bado itapasuka, maana sababu ya kupasuka iko pale pale. Kiazi chenye maji kikipata moto, maji yanageuka mvuke, na mvuke unahitaji nafasi kubwa mno kuliko maji yaliyouzaa. Ukikuta ufa, unatokea hapo. Kwa hiyo chagua viazi mviringo vya zamani kidogo, vyenye ngozi ngumu. Vile vipya vyenye ngozi ya kubanduka kwa kidole vina maji mengi. Vichemshe vizima na maganda yake, ili visinywe maji ya sufuria. Mwaga maji yote, rudisha sufuria juu ya moto mdogo kwa dakika mbili huku ukiitikisa mpaka uone maganda yamekauka. Menya vikiwa vya moto, ponda vikiwa vya moto, kwa mwiko au kwa kinu kidogo, wala usivitie kwenye blenda: visu vinapasua wanga wote na unabaki na kitu kinachonata kama gundi. Tia chumvi, pilipili manga na ndimu kidogo, kisha acha vipoe kabisa kabla hujavigusa tena.

Sasa tengeneza. Chukua kiasi cha ndimu ndogo, kandamiza kwenye kiganja, weka nyama kidogo katikati, funga. Kabla hujaiweka chini, izungushe polepole mbele ya mwanga na utazame ngozi yake. Ukiona mstari hata mwembamba kama unywele, lowesha kidole na uupake mpaka upotee. Mimi hili nilijifunza kwa hasara, usiku wa shughuli ya watu, nikiwa na karai limejaa viazi vilivyofumuka na mafuta yamechafuka yote. Toka siku hiyo hakuna katlesi inayopita mikononi mwangu bila kuzungushwa.

Ukimaliza, ziweke kwenye friji saa moja au usiku kucha. Wakati wa kukaanga, ndipo unga unapoingia: nyunyizia unga mkavu kidogo nje ukung'ute uliozidi, chovya kwenye yai lililopigwa, na ukipenda ziwe na mkwaruzo mzuri, viringisha kwenye chenga za mkate mkavu. Unga unalishika yai lisiteleze, na yai likikutana na mafuta ya moto linaganda kwa sekunde chache na kuwa ganda. Mahali ambapo yai halikufika ndipo katlesi itakapofunguka. Usiziguse kwa dakika moja ya kwanza. Kila kitu ndani kimeshaiva, unachotafuta ni rangi tu.

Nitakuwa mkweli kuhusu kaimati, kwa sababu hapa wapishi wengi tunaahidiana yasiyowezekana. Kaimati iliyoingia kwenye shira haitabaki na ukavu wa mchana kutwa, hasa kwenye hewa ya pwani yenye unyevu. Sukari yenyewe inavuta unyevu kutoka hewani, na shira inaendelea kuingia ndani kidogo kidogo. Unachoweza ni kuchelewesha. Kwenye unga wa ngano nusu kilo ongeza vijiko viwili vya chakula vya unga wa mchele. Unasaidia ganda kukauka. Rojo liwe zito, la kuvutika, si la kumiminika. Kaanga kwa moto wa wastani huku ukizikoroga bila kupumzika, na usizitoe kwa sababu zimepata rangi. Zitoe zinapogonga karai kwa sauti kavu. Halafu, kosa ninaloliona kila mahali: kaimati zinatoka karaini moja kwa moja zinatumbukizwa kwenye shira inayochemka. Acha zipoe dakika tano, shira nayo ishuke mpaka iwe ya vuguvugu na nzito. Mimina, geuza haraka, zitoe kwenye sinia. Zipakwe, zisiogelee.

Shira yako iliganda sukari kwa sababu punje za sukari zinapenda kurudi kuwa punje. Punje moja tu iliyobaki pembeni mwa sufuria ikianguka katikati, nyingine zote zinaifuata. Kwa vikombe viwili vya sukari weka kikombe kimoja cha maji, koroga kabla ya kuchemka mpaka sukari yote iyeyuke, kisha weka mwiko chini na usiurudishe tena. Kamulia nusu kijiko cha chai cha ndimu: ukali wake unaivunja sukari kiasi, ikawa sukari za aina nyingine mbili ambazo zinazizuia punje kushikana. Futa pembe za sufuria kwa brashi au kitambaa kilicholoweshwa. Dondosha tone kwenye sahani baridi, libane kati ya kidole gumba na cha shahada, achanisha. Ukipata uzi mmoja unaonyooka kabla ya kukatika, epua. Iliki na zafarani ziingie mwishoni.

Kama ungeniuliza mimi ningefanyaje kwa watu 40, ningeziweka kaimati kavu kwenye sinia na shira kwenye bakuli pembeni na kijiko chake, kila mtu ajimiminie. Usione ni upungufu. Ndugu zetu wa Oman na Ghuba wanazo hizi hizi, wanaziita lugaimat, neno lenye maana ya vitonge vidogo, na wao huzimiminia asali ya tende wakati wa kula.

Visheti ndivyo vitakavyokuokoa, na sijui kwa nini watu huvifanya siku ile ile ya Idi. Vifanye siku tano kabla. Unga nusu kilo, vijiko vinne vya chakula vya samli ya moto, chumvi chembe, kisha maziwa au tui kidogo kidogo mpaka upate donge gumu kuliko la chapati. Vikandamize kwenye uma, viviringishe, na hapa ndipo moto mdogo una kazi: unataka maji yote yatoke polepole mpaka katikati, vikauke kama mbao. Shira yake ichemke kupita ile ya kaimati, na hapa huweki ndimu kwa sababu safari hii unataka sukari igande. Mimina, koroga upesi mpaka iwe nyeupe na kavu. Acha vipoe kabisa, nusu siku kama unaweza, ndipo uvifungie kwenye kopo. Kopo likifungwa vikiwa na joto, unafungia na mvuke. Kwa kuwa vina maji machache na sukari nyingi, vinakaa wiki nzima bila friji na bila wasiwasi.

Na ongeza kitu kimoja kisichopikwa: tende. Pasua ubavuni, toa kokwa, weka korosho au lozi iliyokaangwa, zungushia chicha kavu ya nazi. Tende 50 ni kazi ya watoto wawili wakubwa kwa saa moja. Ulizia tu mapema kama kuna mtoto anayedhuriwa na karanga, korosho au lozi, na ukiambiwa yupo, usiziweke mezani kabisa. Kumtenga kwa sahani yake hakutoshi mikono ikiwa mingi.

Swali lako la kukaanga siku moja kabla ndilo lililonifanya nikujibu kwa urefu. Kwa sambusa na katlesi, jibu langu ni hapana. Kwanza ni ladha: huna oveni, kwa hiyo utazirudisha kwenye mafuta, zitakunywa mara ya pili. Pili, na hili ni zito zaidi, ni usalama. Chakula kilichopikwa chenye nyama au yai hakitakiwi kukaa nje zaidi ya saa mbili, na joto la mahali likizidi nyuzi 32, kama barazani Dar es Salaam au Mombasa mchana wa jua, ni saa moja. Vijidudu vinazaliana kwa kasi kati ya nyuzi 5 na 60. Wengi husema, "nitakipasha moto sana, vitakufa." Baadhi ya vijidudu, hasa vile vinavyokaa kwenye pua na mikono yetu, huacha sumu ndani ya chakula, na sumu hiyo haifi kwa kuchemshwa. Unaua kilichoitia, yenyewe inabaki. Kwa hiyo sambusa iliyokaa mezani toka alasiri hadi isha haiokolewi na karai.

Njia unayoweza kuitegemea ni kugandisha sambusa mbichi zilizokwisha kukunjwa. Zipange kwenye sinia zisigusane, zigande, ndipo uzitie kwenye mfuko wa kuhifadhia chakula. Siku yenyewe zitoe moja kwa moja kwenye mafuta bila kuziyeyusha, maana zikiyeyuka manda inalowa na kuchanika. Mafuta yawe chini kidogo, kama nyuzi 160, na uweke chache zaidi, nane kwa mkupuo, ndani kupate moto kabla nje hakujaungua. Katlesi hazipendi friza. Kiazi kilichoganda kikiyeyuka kinatoa maji. Ziumbe jana yake, zilale kwenye friji, yai ulipake wakati wa kukaanga.

Umeme ukikatika, usifungue friza kuchungulia. Friza kubwa iliyojaa na ikabaki imefungwa huhifadhi ubaridi kama siku mbili, iliyojaa nusu siku moja, lakini kile kisanduku kilicho ndani ya friji hakifiki huko hata kidogo. Ukifungua ukakuta sambusa bado zina barafu, ziko salama. Zikiwa zimeyeyuka lakini baridi kama maji ya friji, zikaange siku hiyo hiyo. Zikiwa vuguvugu, zitupe, hata kama roho inauma kwa bei ya nyama.

Hukuniambia kama usiku kutakuwa na pilau. Kama lipo, vipande sita kwa mtu mzima vinatosha: hiyo ni 240. Sambusa 80, katlesi 50, kaimati 60, tende 50, na visheti kwenye vibakuli kwa watoto, hivyo usivihesabu. Nyama kilo moja na nusu itatosha sambusa na katlesi, viazi kilo mbili, mafuta lita tatu. Kama pilau halipo, zidisha mara mbili na utafute msaidizi wa kudumu jikoni. Na kama utakuwa peke yako, acha katlesi mwaka huu. Sambusa 130 zilizokaangwa vizuri zinaheshimisha nyumba kuliko aina nne zilizokimbizwa.

Siku tano kabla, visheti. Siku tatu kabla, nyama na kukunja sambusa. Jana yake, katlesi, tende na shira. Siku ya Idi unapiga rojo la kaimati baada ya adhuhuri, unaoga, unavaa, na unakaanga kwa awamu: sinia ya kwanza wageni wakishakaa, ya pili baada ya saa moja, na kaimati zote kwa mara moja baada ya magharibi, pamoja na chai. Usitoe chakula chote mezani kwa pamoja. Sinia ndogo inayorudi jikoni tupu na kutoka tena imejaa inakulinda na ile saa ya hatari, na kila mgeni anapata cha moto.

Jiko la mkaa litumie nje kwa chai, usikaangie. Ni vigumu kuutuliza moto wake, liko chini, na kutakuwa na watoto wanaokimbia. Mafuta yakishika moto, zima gesi kama unaweza kuifikia, funika karai kwa mfuniko wa chuma na usiliguse. Maji usiyasogeze kabisa, yatalipuka na kusambaza moto. Mtu akiungua, mwagia maji ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20, hakuna dawa ya meno, hakuna yai. Lengelenge likizidi kiganja chake, au likiwa usoni, mkononi, au kwa mtoto mdogo, mpeleke hospitali baada ya hizo dakika 20. Vivyo hivyo kwa tumbo: mgeni akitapika na kuharisha, mpe maji ya ORS, ile dawa ya unga ya kurudisha maji mwilini, kidogo kidogo; akiona damu, akiwa na homa kali, akishindwa kubakisha hata maji, au mtoto akiwa amelegea na hakojoi, usisubiri asubuhi.

Kuna mawili ambayo siwezi kukuandikia hata nikitaka: kukunja manda ndogo, na kuminya kaimati kwa ngumi ya mkono wa kushoto mpaka kitonge kitokeze juu ya kidole gumba na kukitwaa kwa kidole kilicholoweshwa. Hayo yanashikwa kwa macho. Tafuta mama anayeuza sambusa mtaani kwenu, umwendee wiki mbili kabla, asiwe bado na haraka za Idi. Mpelekee unga na mafuta, mwombe akupe dakika sitini za asubuhi yake. Usimwangalie anapofunga, kila mtu huangalia hapo. Angalia mwanzo, pale anapokunja kona ya kwanza na kuibana kwa kidole gumba kabla hajaweka nyama. Mwambie akushike mkono ukunje kumi mbele yake.